Mbwa wa kienyeji: Jinsi ya kumwokoa, kumlea kwa muda na kumuasili

KATIKA soko la Daraja Mbili mjini Kisii, kama ilivyo katika kila soko kubwa la wazi nchini, mbwa asiye na mwenyewe hahitaji kutambulishwa. Huonekana alfajiri kabla ya wachuuzi kutandaza ndizi na parachichi zao, na huonekana tena jioni mabaki yanapotupwa. Wengi humfukuza kwa jiwe. Wachache humtupia kipande cha chapati. Ni nadra mtu kujiuliza ametoka wapi na ataishia wapi.

Maswali hayo mawili ndiyo msingi wa kazi ya kuokoa mbwa. Kuna wanaoiona kuwa ni anasa ya matajiri wa mijini. Hata hivyo, mahali ambapo mtoto hupita sokoni kila asubuhi akienda shuleni, suala la mbwa wa mitaani si la huruma peke yake. Ni suala la uhai wa binadamu.

Mbwa wa kienyeji ni yupi?

Mbwa wanaookolewa nchini Kenya kwa sehemu kubwa ni wa aina moja: mbwa wa kienyeji, ambaye Wagusii humwita esese. Ana umbo la wastani, manyoya mafupi ambayo mara nyingi ni ya rangi ya hudhurungi, miguu mirefu na mkia uliopinda. Hakuna aliyemzalisha kwa mpango. Amechujwa na mazingira yenyewe kwa vizazi vingi: dhaifu walikufa, wenye akili na siha wakabaki.

Wakati wa ukoloni walowezi walimwita mbwa "shenzi", na dharau hiyo ingali katika vinywa vya wengi. Wanunuzi huwatafuta mbwa wa asili ya Ujerumani na kumpita wa kienyeji. Lakini ndugu yake wa misitu ya Kongo, Basenji, ambaye wengi hulihusisha jina lake na neno hilohilo "shenzi", alipelekwa Uingereza katika miaka ya 1930 na leo ni miongoni mwa mbwa wanaothaminiwa huko na Marekani. Nchini Marekani yapo hata mashirika yanayookoa mbwa wa Basenji waliotelekezwa na kuwatafutia familia mpya. Kilichobadilika si mbwa, bali jicho la anayemtazama.

Kwa mkazi wa Kisii, mbwa wa kienyeji ana faida zilizo wazi. Hali chakula kingi, hastahimili joto na baridi kwa shida, na hasumbuliwi sana na maradhi ya mifupa ya nyonga yanayowapata mbwa wakubwa wa kizungu. Ni mlinzi anayebweka mapema. Akitunzwa vyema, anaweza kuishi miaka zaidi ya kumi.

Sheria inasema nini?

Wengi hudhani mbwa wa mitaani hana wa kumwajibikia. Katiba ya 2010 inasema vingine. Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, linaorodhesha majukumu ya serikali za kaunti, na miongoni mwayo ni udhibiti na ustawi wa wanyama. Limetaja mambo mawili bayana: utoaji wa leseni za mbwa, na mahali pa kuwaweka, kuwatunza na kuwazika wanyama. Kwa hivyo tangu kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, mbwa wa Daraja Mbili yuko chini ya dhamana ya Serikali ya Kaunti ya Kisii, kama lilivyo soko lenyewe.

Kuna pia sheria mbili za zamani zinazomhusu. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inafanya kumpiga mnyama kikatili, kumtesa au kumnyima chakula na maji kuwa kosa. Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, inawapa maafisa wa mifugo mamlaka ya kudhibiti ugonjwa huo panapokuwa na hatari.

Kwa nini kuua hakumalizi tatizo?

Kwa miaka mingi, njia iliyozoeleka katika miji ya Kenya ilikuwa kuwaua mbwa wa mitaani kwa sumu au risasi. Soko hutulia kwa wiki chache, kisha wengine wakaja. Sababu ni rahisi. Mbwa hufuata chakula. Maadamu mabaki yapo, nafasi iliyoachwa hujazwa na mbwa kutoka vijiji vya jirani. Jike mmoja hubeba mimba kwa takriban siku 63 na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Isitoshe, sumu haichagui. Humuua aliyechanjwa pamoja na asiyechanjwa, na hivyo kubomoa kinga iliyokwisha kujengwa.

Kinachohofiwa zaidi ni kichaa cha mbwa. Kilithibitishwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1912, kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi. Shirika la Afya Duniani (WHO) hukadiria kuwa ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na kwamba asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Watoto wa chini ya miaka 15 ni sehemu kubwa ya waathiriwa. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa.

Njia iliyothibitishwa ya kuukomesha ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wote wa eneo, mwaka baada ya mwaka. Kenya ilizindua mkakati wa kitaifa mwaka 2014 ikilenga kukomesha vifo vya binadamu kutokana na ugonjwa huo ifikapo 2030, na kaunti za Makueni, Machakos, Kitui, Siaya na Kisumu zikachaguliwa kuwa za kwanza. Asilimia 70 haiwezi kufikiwa kwa mbwa ambao hakuna anayeweza kuwashika. Mbwa aliyeokolewa, akachanjwa na kufungwa uzazi, ni mmoja aliyehamishwa kutoka upande wa hatari hadi upande wa kinga.

Kituo kiko mbali, nyumba iko karibu

Kituo kinachofahamika zaidi nchini ni cha Shirika la Kenya la Kulinda na Kutunza Wanyama (KSPCA), lenye makao yake Karen, Nairobi, na mizizi inayorudi hadi mwaka 1910. Shirika hilo hupokea mbwa waliotupwa, kupotea au kuteswa, huwatibu, huwachanja na kuwafunga uzazi, kisha huwatoa kwa watu walio tayari kuwaasili baada ya mazingira ya nyumbani kuchunguzwa.

Hata hivyo, Karen iko takriban kilomita 300 kutoka Kisii, na hakuna kituo kisichojaa. Ndiyo maana waokoaji kote duniani hutegemea malezi ya muda. Mlezi wa muda humpokea mbwa kwa wiki au miezi, humtibu na kumfunza, kisha humkabidhi kwa familia itakayomchukua moja kwa moja. Mlezi hamiliki, anashikilia amana. Katika mji usio na uwezo wa kujenga kituo, boma tano zenye walezi waaminifu ni kituo tosha.

Ardhi ya Kisii ni finyu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti hiyo, wastani wa zaidi ya 950 kwa kila kilomita mraba. Ni boma chache zinazoweza kulea mbwa watatu au wanne. Mbwa mmoja kwa mlezi mmoja ni mpango unaowezekana.

Siku za kwanza

Anayemwokota mbwa sokoni afuate hatua hizi bila kuruka hata moja.

Kwanza, asimshike mbwa asiyemjua kwa mikono mitupu. Mbwa anayetokwa na mate mengi, anayeshindwa kumeza, anayepepesuka au kuuma bila kuchokozwa asiguswe kabisa; afisa wa mifugo aitwe mara moja.

Pili, mbwa atengwe na mbwa wengine, na hasa na watoto. Anaweza kuonekana mzima huku akiwa amekwisha kuambukizwa, kwani virusi vya kichaa cha mbwa huweza kukaa mwilini wiki au hata miezi kabla ya dalili kujitokeza. Chanjo si kibali cha kuacha kumwangalia.

Tatu, daktari wa mifugo ampime, ampe dawa ya minyoo na kumtibu viroboto, kupe na upele. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu na kurudiwa kwa ratiba ya daktari. Watoto wa mbwa huhitaji pia chanjo ya maradhi kama parvo, ambayo huwaua kwa kuharisha na kutapika katika siku chache. Cheti cha chanjo kihifadhiwe, kwa sababu ndicho kitakachoandamana na mbwa maisha yake yote.

Nne, mbwa ahasiwe au afungwe uzazi kabla ya kukabidhiwa. Ahadi ya kwamba atafungwa baadaye mara nyingi husahaulika, na watoto wake hurudi sokoni alikookotwa mama.

Mlezi anayeshughulikia mbwa wengi naye amwone daktari kuhusu chanjo ya kujikinga kabla ya kuumwa.

Tabia yake haibadiliki kwa siku moja. Waokoaji wengi huhesabu hivi: siku tatu za woga, wiki tatu za kuzoea ratiba ya nyumba, miezi mitatu ya kujiona ni wa pale. Katika siku za mwanzo hujificha, hukataa chakula au hula kwa pupa akihofia kunyang'anywa. Asipigwe wala asibembelezwe kwa nguvu. Alishwe saa zilezile, mahali palepale, na mtu yuleyule. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mbwa mtulivu unayemwona langoni mwa jirani alifunzwa na mtu aliyekuwa na subira.

Kuhusu chakula, ugali uliochanganywa na omena au mabaki ya nyama ni mlo unaofaa, pamoja na maji safi wakati wote. Vitunguu, chokoleti na zabibu ni sumu kwake. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha na inaweza kumtoboa matumbo.

Nani apewe mbwa?

Hapa ndipo kazi nyingi njema huharibikia. Mlezi aliyechoka humpa mbwa mtu wa kwanza anayemtaka, na baada ya miezi miwili mbwa huyo amefungwa mnyororo mfupi mchana kutwa au amerudishwa barabarani.

Kabla ya kumkabidhi, mlezi afike nyumbani kwa mwombaji. Je, kuna ua au nafasi ambamo mbwa anaweza kutembea? Je, kuna banda lisilovuja, kwa kuwa Kisii hunyesha karibu mwaka mzima? Mwenye nyumba ya kupanga ameruhusu? Nani atamlisha familia ikisafiri? Mbwa aliyekuwapo kabla ya huyu alipatwa na nini? Swali hilo la mwisho hufichua mengi kuliko mengine yote.

Makubaliano yaandikwe, hata kama ni kwa ukurasa mmoja: chanjo irudiwe kwa wakati, mbwa asiuzwe wala kutolewa kwa mtu mwingine, na mlezi aruhusiwe kumtembelea. Kifungu muhimu kuliko vyote ni kwamba mambo yakishindikana, mbwa arudishwe kwa mlezi na si barabarani. Ada ndogo ya kufidia chanjo si biashara. Kinachotolewa bure kabisa mara nyingi hutupwa bure.

Mbwa akiuma

Hata mbwa mpole anaweza kuuma akiwa na hofu. Jeraha lioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Lisipakwe mitishamba, pilipili wala mafuta. Aliyeumwa apelekwe hospitalini siku hiyohiyo kwa sindano za kinga, na azimalize zote kulingana na ratiba hata kidonda kikipona. Mbwa mwenyewe, ikiwa yupo na ni mzima, afungiwe na kuchunguzwa kwa siku kumi chini ya uangalizi wa afisa wa mifugo. Kumuua kwa hasira na kumtupa huondoa njia ya kujua iwapo alikuwa mgonjwa.

Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa kila Septemba 28, tarehe aliyofariki mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur mwaka 1895, miaka kumi baada ya chanjo yake kumwokoa kijana aliyeumwa na mbwa. Ni wakati mwafaka kwa mwenye mbwa kuuliza katika ofisi ya mifugo iliyo karibu iwapo chanjo inatolewa.

Lakini mbwa wa Daraja Mbili hangoji Septemba, na kaunti haitatimiza wajibu wake wa kikatiba bila kukumbushwa na wakazi. Hadi hapo itakapokuwa na mahali pa kuwaweka, makao pekee ya mbwa huyo ni boma la mtu aliyekubali kuchukua mmoja, kumchanja, kumfunga uzazi na kutomrudisha sokoni. Mtoto anayepita pale asubuhi atakuwa salama zaidi kwa sababu yake, ingawa huenda asijue kamwe.