Mwenye Gari na Mwenye Njia

Kila chombo cha safari kina historia mbili. Ya kwanza ni ya aliyekiunda na aliyekinunua, nayo huandikwa kwa wino katika hati na stakabadhi. Ya pili ni ya aliyekiendesha, aliyekitengeneza kilipoharibika, na aliyekisukuma kilipokwama. Nayo huandikwa katika vumbi, na mvua ya kwanza huifuta. Katika insha hii nataka kueleza habari za motakaa chache zilizopata jina katika Afrika Mashariki, na katika kuzieleza nataka kuitetea historia ya pili, ambayo wasomi wetu wameipa mgongo. Sisemi kwamba wenye mali hawana haki yao. Nasema tu kwamba tukiuliza gari fulani lilikuwa la nani, swali hilo lina majibu mawili, na anayetoa moja akaficha la pili amesema nusu ya kweli.

Nianze mbali kidogo, kwa sababu jambo hili lilizaliwa pamoja na gari lenyewe. Tarehe 29 Januari 1886 Karl Benz, mhandisi wa mji wa Mannheim katika Ujerumani, aliomba hati ya uvumbuzi wa gari la magurudumu matatu lililokwenda kwa nguvu ya injini. Jina katika hati lilikuwa lake peke yake. Walakini uvumbuzi katika karatasi si safari. Mwezi wa Agosti 1888 mkewe, Bertha, alilitoa gari la namna hiyo bila ya kumwambia mumewe, akawapakia wanawe wawili, akashika njia ya Pforzheim, mji wa wazazi wake, mwendo wa kilomita 100 na zaidi. Mafuta yalipopungua alinunua mengine kwa muuza dawa wa Wiesloch. Mrija wa mafuta ulipoziba, yasimuliwa, aliuzibua kwa pini ya kofia yake. Na breki zilipolika alimwomba fundi wa viatu azipigilie ngozi. Mwanamke huyu ndiye aliyetoa mali ya kwao, kabla hata ya kuolewa, ili kuiokoa karakana ya mchumba wake. Basi gari lile lilikuwa la nani? Hati ilijibu kuwa ni la Karl. Njia ilijibu kuwa ni la Bertha pia, kwa kuwa ni yeye aliyeuonyesha ulimwengu kwamba kitu kile chaweza kumfikisha mtu aendako na kumrudisha.

Motakaa zilipoingia katika nchi zetu, wasemaji wa Kiswahili walipaswa kuzipa maneno. Mengine waliyachukua kwa wageni: gari lilitoka Uhindi, dereva, breki na tairi zilitoka kwa Waingereza. Lakini gurudumu lile analolishika dereva hawakuliombea jina ugenini. Waliliita usukani, neno la jahazi. Abiria na shehena, waliokuwa wamekwisha kuzoea kusafiri baharini, wakahamia barabarani bila ya kubadili majina. Msomaji asilipite jambo hili upesi. Desturi ya pwani ilijua tangu zamani kwamba mwenye jahazi ni mtu mmoja na nahodha aweza kuwa mtu mwingine. Mwenye jahazi hukaa bandarini akahesabu faida. Nahodha hujua upepo, mwamba na kina cha maji. Wote wawili husema "chombo changu," wala hakuna aliye mwongo. Lugha ilipoupeleka usukani katika gari ilichukua na fikra hiyo ndani yake, ingawa sisi tuisemayo leo tumeisahau.

Mahali palipolipa gari jina katika Afrika Mashariki kuliko tangazo lolote la biashara ni mashindano ya Safari. Yalianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na njia yake ilipita katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakawa yanafanywa siku za Pasaka, masika yakiwa yamekwisha kushika nchi. Hapo mwanzo magari yaligawanywa katika makundi kwa bei yake dukani. Kanuni hiyo ilikuwa na maana kubwa. Mtu aliyesimama kando ya barabara aliona likipita gari lile lile ambalo mwalimu, karani au mfanyabiashara wa mjini aliweza kulinunua, akajua kwa macho yake lipi ni imara na lipi ni la kupamba baraza.

Katika mwaka ule wa kwanza Volkswagen ndogo, yenye mgongo wa kobe, ndiyo iliyorudi na alama chache kabisa za makosa. Ikashinda tena mwaka 1954, mwaka 1957 na mwaka 1962. Sababu hazikuwa za uchawi. Injini yake ilipozwa kwa hewa, kwa hiyo haikuwa na rejeta ya kuchemka mlimani au kutobolewa na jiwe. Tena injini hiyo ilikaa nyuma, juu ya magurudumu yenye kusukuma, ikayakandamiza yashike ardhi mahali penye utelezi. Watu walidhani kwamba udogo wake ni unyonge, kumbe ndio uliokuwa nguvu yake. Ilipofika tarehe 30 Julai 2003, siku ya mwisho ya kuundwa kwake katika mji wa Puebla, Meksiko, zilikuwa zimekwisha kuundwa zaidi ya milioni 21 duniani.

Baada ya hiyo ikaja zamu ya Peugeot 404, gari la Kifaransa lililotolewa mwaka 1960. Lilikuwa na umbo la utulivu, injini iliyolazwa ubavu, na springi laini zilizomeza mashimo. Mwaka 1963 mvua ilikuwa kali hata katika magari 84 yaliyoanza Safari yakamaliza 7 tu. La kwanza kati ya hayo saba lilikuwa Peugeot 404 ya Nick Nowicki na mwenziwe Paddy Cliff. Bert Shankland na Chris Rothwell wakashinda kwa gari la namna hiyo hiyo mwaka 1966 na mwaka 1967. Mwaka 1968 mvua ikarudi kwa ghadhabu ile ile: magari 93 yalianza, yakamaliza 7 tena, na aliyetangulia alikuwa Nowicki yule yule, na Cliff yule yule, katika Peugeot 404. Mambo kama haya hayasahauliki, na watu waliokuwa na fedha hawakuyasahau walipokwenda kununua.

Lakini mwaka 1965 ulitoa funzo la namna nyingine. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho na fundi wa magari kwa kazi yake, alishinda pamoja na nduguye Jaswant katika Volvo iliyokwisha kutumiwa na wengine kabla yake. Huyu hakushinda kwa upya wa gari. Alishinda kwa kulijua. Alirudia ushindi mwaka 1974 na mwaka 1976, mara zote mbili kwa Mitsubishi Lancer. Mkono uliozoea spana huisikia injini kabla haijalia. Na katika mtu huyu dereva na fundi, ambao kwa kawaida ni wawili, walikutana wakawa mmoja.

Majina haya yote nimeyataja bila ya taabu kwa kuwa yameandikwa. Sasa naomba msomaji atazame pembeni mwa picha. Magari yalipozama katika tope, aliyeyatoa ni nani? Walikuwa wanavijiji wa kando ya njia, wanaume, wanawake na vijana, waliokuja na kamba, majembe na matawi ya miti, wakasukuma na kuvuta, wakarushiwa tope usoni na magurudumu, kisha wakabaki wakilitazama gari likipotelea. Wengine walipewa ahsante, na wengine hata hiyo hawakuipata, maana mshindani alikimbizana na saa. Katika orodha ya washindi hawamo. Mtu aweza kusema kuwa hawakustahili kuwamo, kwa sababu hawakushindana. Nakubali. Lakini orodha ya washindi na historia si kitu kimoja, na mwanahistoria anayeridhika na orodha amefanya kazi ya karani.

Peugeot ilipotoka katika mashindano haikwenda kupumzika. Gari la 404, na baada yake 504 iliyotolewa mwaka 1968, liliingia katika kazi ya kuchukua abiria. Aina yenye safu tatu za viti ilikuwa nyumba ya safari: wazee mbele, wanawake na watoto katikati, vijana nyuma pamoja na kuku na magunia. Katika Kenya biashara hiyo ilipata jina la matatu, kwa sababu ya nauli ya zamani ya mapeni matatu. Na mwaka 1973 Rais Kenyatta aliiruhusu rasmi iendelee bila ya leseni maalumu ya uchukuzi. Zama hizo hizo gari jingine la Ujerumani lilipata jina la kinyume chake. Mercedes-Benz ya wakubwa ilizaa neno wabenzi, kana kwamba ni kabila jipya. Tanazameni maneno haya mawili, wanafunzi wa lugha. Moja lilitokana na sarafu ndogo ya abiria, jingine lilitokana na ukubwa wa mwenye gari. Kamusi ndogo kama hii yatosha kuonyesha jinsi jamii ilivyogawanyika.

Hapa naomba radhi niingize habari ya nyumbani kwangu, maana ndiyo iliyonifundisha niliyoyasema. Babu yangu alikuwa dereva wa Peugeot 404 iliyochukua abiria baina ya Mombo na Lushoto. Anayeijua njia ile anajua kwamba kutoka tambarare ya Mombo mpaka Soni ni kupanda tu, genge upande mmoja na korongo upande wa pili, na kona zinazofuatana kama mikunjo ya ukili. Gari halikuwa lake. Lilikuwa la mfanyabiashara mmoja, mtu mwema kwa namna ya wakati wake, aliyemlipa mshahara mwisho wa mwezi na kumkabidhi ufunguo kila alfajiri. Babu aliliendesha miaka kumi na minne. Alijua ni kona ipi huteleza baada ya ukungu, na ni wagonjwa gani wa kushushwa mlangoni kwa hospitali bila ya nauli, akailipa nauli hiyo yeye mwenyewe jioni.

Ipo picha moja ya gari lile. Katikati ni gari, limeoshwa likang'aa. Tajiri ameegemea mlango, mkono juu ya paa. Kandoni, nusu ya mwili imekatwa na ukingo wa picha, yupo kijana mwembamba ameshika kitambaa cha kufutia. Huyo ndiye babu. Nyuma ya karatasi kumeandikwa jina la tajiri, namba ya gari na mwaka. Jina la dereva halimo.

Tajiri alipofariki, warithi waligawana mali. Babu alikwenda kwao na akiba yake, akaomba auziwe gari, ambalo kwa wakati huo lilikuwa limekwisha kuwa mkweche. Hawakumkatalia kwa ubaya. Walimwambia tu kwamba yupo mnunuzi wa chuma chakavu aliyetoa bei nzuri zaidi. Alirudi kwa miguu. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa mwanafunzi wa sekondari, nilimwonyesha picha ile nikamwuliza, "Babu, hukuona uchungu gari lako kukatwakatwa?" Akacheka kidogo, akasema, "Mjukuu wangu, gari lilikuwa lake. Njia ndiyo iliyokuwa yangu." Hakuongeza neno. Sikumwelewa siku ile. Nilimwelewa siku tuliyomzika, walipokuja kutoka kila kijiji cha mlima watu ambao sikuwajua, na kila mmoja akataja siku aliyopakiwa: huyu alipelekwa kujifungua, huyu alipelekwa shule mara ya kwanza, huyu alirudishwa kwao na maiti ya mzazi wake. Hakuna aliyemtaja tajiri. Wala si kwa kumdharau, bali kwa kuwa yeye hakuwamo njiani.

Katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, imehifadhiwa Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya Waingereza na baadaye na Mwalimu Nyerere. Ni vema ihifadhiwe, maana mpito wa gari lile kutoka kwa mtawala mgeni mpaka kwa rais mwananchi ni historia ya nchi nzima katika kiti kimoja. Lakini magari yaliyoichukua nchi mgongoni, yaliyopeleka wagonjwa, walimu, barua, mahindi na maharusi, hayakuwekwa ndani ya kioo. Yalikatwa yakawa chuma. Hayo hatuwezi tena kuyarudisha. Tunachoweza kuhifadhi ni kauli za watu wake, nazo zina muda: madereva, utingo na mafundi waliofanya kazi katika miaka ya 1960 ni wazee sana leo, na kila mwaka idadi yao hupungua.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wa Kiswahili na wa historia wasingojee mpaka somo hili lipewe heshima ndipo walishughulikie. Kila mmoja wenu ana katika ukoo au mtaa wake mtu aliyepata kushika usukani au spana. Nendeni mkawaulize njia zilikuwaje, gari lilikuwa aina gani, nani alilipa, nani alikwama, na nani alisukuma. Andikeni majina yao kwa ukamilifu, pamoja na ya wenye mali, bila ya kumnyima mtu haki yake ili kumpa mwingine. Nami nimekwisha kuanza kwa kazi ndogo iliyokuwa katika uwezo wangu. Nimeichukua picha ile, nikaigeuza, na chini ya jina la mwenye gari nimeandika kwa kalamu yangu jina la babu.