Jiwe jeusi lisilong'aa jikoni: Namna ya kulichagua na kulitunza

MWENYE nyumba anayejenga au kukarabati jiko hufika mahali ambapo fundi humtaka aamue ni jiwe gani litakalowekwa juu ya makabati. Wengi huchagua jeusi. Baadhi yao, kwa kuchoshwa na graniti inayong'aa kama kioo, huomba jiwe hilo hilo likiwa na uso mkavu, usiorudisha mwanga, mfano wa ubao wa darasani. Miezi michache baadaye malalamiko huanza: kila kidole kinaacha alama, kila tone la mafuta linaonekana, na jiwe lililogharimu fedha nyingi linafanana na jiwe chafu hata likiwa limetoka kufutwa.

Malalamiko hayo yana chanzo, na chanzo chenyewe si uchafu.

Jiwe hung'arishwa kwa kusuguliwa na visahani vya almasi, kuanzia vyenye chembe kubwa hadi vyenye chembe ndogo kabisa. Fundi anayetakiwa kutoa uso usiong'aa husimama katikati ya kazi hiyo, mara nyingi kwenye namba 400 hivi. Uso unakuwa laini mkononi, lakini umebaki na mikwaruzo midogo mno isiyoonekana kwa macho. Mikwaruzo hiyo hutawanya mwanga, na ndiyo sababu jiwe lililokuwa jeusi ti hugeuka kuwa la kijivu cha mkaa. Mafuta yanapoijaza mikwaruzo hiyo, mwanga hautawanyiki tena, na mahali hapo pekee weusi wa asili hurudi. Alama ya kidole ni jiwe linaloonyesha rangi yake halisi.

Ndiyo maana anayependa rangi ya kijivu iliyokolea kila mahali pasipo alama hata moja, na jikoni kwake kunakaangwa samaki na maandazi kila siku, afadhali achukue jiwe lililong'arishwa. Aliyekwisha kulipenda lisilong'aa anayo njia nyingine: kupaka dawa ya kukoleza rangi, ambayo hulifanya jiwe zima liwe jeusi bila kulipa mng'ao, na hivyo alama za mafuta zikapotea ndani ya weusi huo. Dawa hiyo hurudiwa kila inapoanza kufifia.

Jambo la pili ni jina. Mawe mengi yanayouzwa kama graniti nyeusi si graniti kwa maana ya wanajiolojia. Ni gabro au doleraiti, mawe ya magma iliyoganda chini ya ardhi yenye madini meusi mengi na kwatzi kidogo. Jiwe jeusi la Mutoko, kaskazini mashariki mwa Harare nchini Zimbabwe, ni la jamii hiyo, na vivyo hivyo mengi yanayochimbwa kusini mwa India. Kwa matumizi ya jikoni hii ni habari njema, kwa kuwa mawe hayo hushikamana sana na hunyonya maji kidogo.

Habari mbaya ni kwamba weusi unaweza kutiwa. Wapo wafanyabiashara wanaochukua jiwe la kijivu la bei nafuu na kulipaka rangi au mafuta ili lipite kama jeusi. Rangi hiyo huchujuka polepole, hasa kuzunguka sinki. Njia ya kuitambua ni rahisi: kitambaa cheupe kilichochovywa kwenye asetoni, ile inayotumika kutoa rangi ya kucha, kisuguliwe juu ya kipande cha jiwe. Kitambaa kikitoka cheusi, mnunuzi aondoke. Asetoni yenyewe iwe isiyo na rangi, vinginevyo jaribio halina maana.

Majaribio mengine mawili hufanywa juu ya kipande hicho hicho. La kwanza ni tone la maji kuachwa kwa robo saa: likiacha doa jeusi zaidi, jiwe linanyonya na litahitaji dawa ya kuzuia maji. Lisipoacha doa, dawa hiyo haihitajiki, na ikipakwa kwa nguvu itabaki juu kama ukungu. La pili ni maji ya ndimu kwa dakika kumi. Yakiacha baka lililofifia, jiwe lina chokaa ndani yake. Ni marumaru nyeusi, kama ile ya Markina nchini Hispania. Marumaru ni jiwe zuri, lakini halifai kwa jiko la ndimu, ukwaju na nyanya, kwa kuwa asidi hula uso wake na hakuna sabuni inayoweza kuurudisha. Jiwe la Kisii, linalochimbwa Tabaka nchini Kenya, halidhuriwi na ndimu, lakini ni laini kiasi cha kuchongwa kwa kisu.

Uzito nao husahaulika. Bamba la gabro lenye unene wa milimita 30 lina uzito wa takriban kilo 90 kwa mita moja ya mraba. La milimita 20, takriban kilo 60. Makabati ya mbao za unga uliogandamizwa yanapaswa kukaguliwa na kuongezewa mihimili kabla jiwe halijafika, si baada ya milango kuanza kugoma kufungwa.

Ukataji ufanyike karakanani, kwa mashine inayomwagiwa maji. Fundi anayekata jiwe kavu kwa grenda ndani ya jiko huvuta vumbi la silika, ambalo hukomaza mapafu bila tiba ya kuyarudisha. Hatari huwa kubwa zaidi kwa mawe ya kiwandani yanayotengenezwa kwa unga wa kwatzi na gundi. Australia ilipiga marufuku mawe hayo kuanzia Julai 1, 2024, baada ya vijana wengi wa kazi hiyo kuugua.

Matunzo ya kila siku ni mepesi: maji ya vuguvugu, sabuni kidogo ya maji, kisha kukausha kwa kitambaa. Kukausha ndiko kunakopuuzwa zaidi. Katika nyumba zinazotumia maji ya kisima, hasa mijini pwani, kila tone linalokaukia juu ya jiwe huacha chumvi nyeupe, na juu ya jiwe jeusi weupe huo huonekana kutoka mlangoni.

Masufuria ya alumini yana kesi yake. Yakiburutwa juu ya uso usiong'aa huacha mistari ya kijivu ambayo wengi hudhani ni mikwaruzo. Kumbe jiwe ndilo lililoikwaruza sufuria, na mistari hiyo ni alumini iliyobaki. Hutoka kwa unga laini wa kusafishia na sifongo lenye maji, bila chuma cha kusugulia.

Doa la mafuta lililozama hutolewa kwa poda nyeupe iliyochanganywa na asetoni hadi ikawa kama uji mzito. Mchanganyiko hupakwa juu ya doa, ukafunikwa kwa nailoni kwa siku moja, kisha ukakwanguliwa. Kazi hiyo ifanyike moto ukiwa umezimwa na madirisha yakiwa wazi, kwa sababu asetoni hushika moto upesi.

Kinu kisitumike karibu na tundu la sinki, mahali jiwe lilipo jembamba zaidi. Na kile kipande kilichokatwa ili kutoa tundu hilo ni mali ya mwenye nyumba. Fundi akiulizwe mapema, kabla hajakipakia kwenye gari. Juu yake ndipo kila sabuni na dawa mpya hujaribiwa kwanza.