Vidonge nusu

Nimeadimika kidogo, samahanini wasomaji wangu. Nilikuwa Morogoro kwa babu na bibi, na tangu nilipopanda basi pale Msamvu kurudi Dar kuna jambo limenikaa kichwani halitaki kutoka. Naona bora niliandike.

Jumamosi asubuhi nilikuwa natafuta kijiko kabatini. Nikakuta kopo la zamani la kahawa, limefungwa vizuri na kifuniko chake. Nikafungua nikidhani ni sukari. Ndani mlikuwa na vidonge vya presha vimekatwa nusu kwa kisu, kimoja kimoja, kwa ustadi kabisa. Nikamwita bibi.

"Usinikodolee macho hivyo, mume wangu," akaniambia. "Nusu yangu, nusu ya babu yako. Boksi moja likigawanywa hivyo linafika mwisho wa mwezi."

Jamani! Wote wawili wana presha, bibi ana na sukari juu yake. Sisi watoto na wajukuu tulio mjini, tunaotuma vocha na salamu, hatukujua. Nilimpigia rafiki yangu tuliyesoma naye, siku hizi ni daktari, akanyamaza kidogo halafu akaniuliza wana umri gani. Babu miaka 75, bibi 71. Akasema tu, "Watafutie bima haraka."

Kutafuta ndiko kulikonifikisha kwenye historia. Nilianzia karibu. Fomu ya bima ya ofisini kwetu ina nafasi ya mwenza na wategemezi wengine. Mimi sina mke, sina mtoto, nafasi zote ziko tupu. Lakini hakuna mstari wa babu wala bibi. Nikaenda kwa kampuni moja binafsi (sitaitaja), binti wa mapokezi akanichangamkia mpaka nilipotaja umri. Mwanachama mpya mwisho miaka 65, kaka. Akanipa kalenda ya ukutani, nikaondoka nayo.

Ndipo nikarudi Morogoro wikiendi iliyofuata na daftari, nikamkalisha babu kibarazani. Nilitaka kujua ilikuwaje mtu afanye kazi miaka yote ile na afike uzeeni bila kadi ya matibabu. Nikifikiri labda kuna mahali alizembea. Kumbe hakuzembea popote.

Turudi nyuma kidogo. Nchi hii hospitali zilianza kwa kuuliza wewe ni nani. Mwaka 1897 Dar es Salaam ilifunguliwa hospitali kwa fedha za mfanyabiashara Sewa Haji, kwa ajili ya Waafrika na Wahindi. Jina lake bado lipo kwenye jengo la wodi pale Muhimbili, wengi wetu tumepita hapo kuangalia wagonjwa bila kujua ni nani. Wazungu walikuwa na yao kando ya bahari, Ocean Road, ya mwaka huohuo. Vijijini palikuwa na wamisionari, na penye umbali palikuwa na mizizi. Uhuru ulipokuja, maradhi yakatajwa pamoja na ujinga na umaskini kuwa maadui watatu wa taifa, na baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, serikali ikajitwika mzigo: zahanati na vituo vya afya vijijini, na mgonjwa asidaiwe senti.

Babu aliajiriwa mwaka 1972, kiwanda cha nguo cha umma. Kiwanda kilikuwa na zahanati yake. Bibi alikuwa bado kijijini, na anakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wamezunguka redio moja chini ya mwembe, wakimaliza kusikiliza wanakwenda kuchimba vyoo. Anacheka akisimulia, maana choo cha kwao ndipo baba yake alipomwonea babu kwa mara ya kwanza, amekuja posa akakutwa na jembe mkononi kusaidia. Mama yangu alizaliwa 1975, hospitali ya serikali. Bibi hakulipa. Anasema wala neno "kulipa" halikumjia akilini.

Hapa ndipo babu aliponisahihisha. Mimi nilikuwa naandika "matibabu ya bure" kwenye daftari, akaona. "Futa hilo," akasema. "Bure ya nani? Mshahara wangu ulikuwa mdogo, tukaambiwa vumilieni, shule ipo, hospitali ipo. Hospitali ilikuwa ndani ya mshahara. Mkulima naye pamba yake ilinunuliwa kwa bei ya serikali. Tulilipa sote, tena tulilipa mapema."

Nimelifikiria sana hilo. Katika habari tunazoandika, mimi mwenyewe nikiwemo, kuna sentensi imezoeleka kwamba wazee wetu "walizoea vya bure". Tunaiandika kama vile walikuwa wanapewa zawadi. Mtu aliyekatwa mchango kwa miaka ishirini na tano bila stakabadhi tunamwita aliyezoea vya bure!

Mwaka 1977 ikatungwa sheria iliyopiga marufuku matibabu ya kibiashara. Hospitali za mashirika ya dini ziliachwa ziendelee, kwa sababu hazikutafuta faida, na ukweli ni kwamba vijijini serikali isingeweza bila wao. Wazo lilikuwa kwamba ugonjwa usiwe biashara. Lakini angalia mwaka wenyewe. 1977 ndio Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, 1978 Idi Amin akaingia Kagera, vita vikamalizika 1979 na hazina imekauka, mafuta nayo bei juu. Zahanati zilikuwepo, matabibu walikuwepo, dawa hazikuwepo. Kuanzia katikati ya miaka ya themanini masanduku ya dawa muhimu yalikuwa yanafika vijijini kwa msaada wa Denmark, kila kituo na sanduku lake. Bibi anayakumbuka yale masanduku. Likifunguliwa mwanzoni mwa mwezi watu wanajaa, wiki mbili baadaye unapewa maneno mazuri na karatasi.

Nani alaumiwe kwa hapo sitaki kuingia, wapo waliobobea. Ninachotaka ni muone jinsi mistari ilivyochorwa baadaye, na babu na bibi walikuwa wamesimama upande gani kila ulipochorwa.

Mzee Ruksa alikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986. Mwaka 1991 sheria ikabadilishwa, hospitali binafsi zikaruhusiwa tena. Kuanzia 1993 ikaja kuchangia gharama, kwanza hospitali kubwa za rufaa, kisha za mikoa, kisha za wilaya. Wajawazito na watoto chini ya miaka mitano walisamehewa, na maskini pia, kwa karatasi. Babu wakati huo bado yuko kiwandani, zahanati yao ipo, kuchangia hakukumgusa sana. Mwaka 1996 kiwanda kikapunguza wafanyakazi. Alikuwa na miaka 46. Akapewa kiinua mgongo, akaezeka nyumba ya Kihonda, akabaki na cherehani moja na mke anayeuza maandazi.

Sasa sikilizeni tarehe. Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ilipitishwa 1999, mfuko ukaanza kazi 2001. Asilimia sita ya mshahara, nusu mwajiriwa nusu mwajiri, wakianza na watumishi wa serikali kuu. Kwa mtumishi ilikuwa neema kweli: yeye, mwenza, na wategemezi wanne, wakiwemo wazazi. Mwalimu mwenye kadi angeweza kumtibu mama yake mzazi. Babu alikuwa ametoka kazini miaka mitano kabla. Hana mshahara wa kukatwa. Na wanaye, mama yangu fundi cherehani, mjomba dereva wa lori, hakuna mtumishi wa umma hata mmoja. Miaka mitano tu, jamani.

Upande wa pili wa mstari kulikuwa na Mfuko wa Afya ya Jamii, ule tunaouita CHF. Ulianza kwa majaribio Igunga, Tabora, mwaka 1996, kaya inalipa shilingi 5,000 kwa mwaka na kwa kila kaya inayolipa serikali inaongeza kiasi hichohicho, "tele kwa tele" kama walivyosema. Sheria yake ikaja 2001. Lilikuwa wazo zuri kwa mkulima, lakini kadi ilifanya kazi karibu na nyumbani tu, na mwenye afya njema hakuona sababu ya kulipa. Waliobaki ndani ni wagonjwa na wazee. Mfuko unaojaa wagonjwa watupu unakwenda wapi?

2003 ikaja Sera ya Taifa ya Wazee. Mzee ni wa miaka 60 na kuendelea, na wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Babu alipofika 60, mwaka 2010, alikwenda hospitali akifikiri mstari safari hii umepita upande wake. Akaambiwa akalete barua ya serikali ya mtaa kuthibitisha kwamba hajiwezi. Babu mwenye nyumba ya bati, cherehani, na koti la kwenda kanisani. Hakurudi tena. Bibi alikwenda yeye peke yake baadaye, kimya kimya, akapata kitambulisho chake. Dirisha la wazee lipo, anasifu kwamba hapangi foleni. Daktari anamwona, anaandikiwa. Dawa ndiyo mara nyingi hukosekana, anaelekezwa duka la dawa ng'ambo ya barabara. Kituo sikitaji, na wala si cha ajabu kuliko vingine.

CHF iliyoboreshwa ilipokuja 2018, shilingi 30,000 kwa kaya ya watu mpaka sita, tiba kuanzia zahanati mpaka hospitali ya mkoa, mama aliwalipia. Iliwasaidia, nisiseme uongo. Babu aliondolewa mtoto wa jicho upande mmoja. 2019 vikaja vifurushi vya bima vya mtu binafsi, Najali, Wekeza na Timiza. Tulikaa kikao cha familia na kuvitazama. Bei ilipangwa kwa umri, kundi la 60 na kuendelea ndilo la juu. Kwa hesabu za bima hilo linaeleweka, mzee anaumwa zaidi. Lakini kwa mtu aliyelipia ujana wake wote kwenye mfuko usio na jina, ni kulipa mara ya pili, tena kwa bei ya mgonjwa.

Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kila mkazi anatakiwa awe ndani, na wasio na uwezo walipiwe kutoka kwenye mfuko unaochota fedha sehemu mbalimbali, ikiwemo kodi za soda, pombe na vipodozi. Nilipomsomea babu alifurahi sana kwenye "kila mkazi". Kijana na mzee wakichangia pamoja, ndiyo ile hesabu yake ya zamani ya kiwandani. Nilipofika kwenye "wasio na uwezo" uso ukabadilika.

"Yaani nikajiandikishe tena kwamba sijiwezi?"

Nikamwambia babu, ni neno tu, ni safu kwenye fomu. Bibi naye akadakia kutoka jikoni kwamba yeye kitambulisho chake hakijamwondoa ngozi. Babu akasema ngozi ya bibi ni ya bibi.

Mimi ni mwandishi, nimewahi kuandika hilo neno mara nyingi sana bila kusita, "wazee wasiojiweza", linaingia vizuri kwenye kichwa cha habari. Pale kibarazani lilinishinda kulitamka mara ya pili.

Kwa sasa tumeamua hivi. Mama, mjomba na mimi tunachanga kila mwezi, boksi mbili za dawa ya presha, yake na yake, na sukari ya bibi tunaipima kliniki bila kuruka. Wiki iliyopita nilizipeleka mwenyewe. Bibi akazipokea, akazipanga kabatini, halafu akataka kujua bei. Nikamdanganya. Suala la kumpeleka babu kwa mtendaji wa mtaa bado tunabishana, na mpaka naandika haya babu anaongoza.