Ligi Ilianza 1965, Reli Yetu Ilifungwa 1962

Leo mastaa tuwaache wapumzike kidogo, tupige historia.

Kuna mzee mmoja hapa Mbekenyera, jina tuliweke pembeni. Kila Namungo ikicheza na Simba au Yanga anasema neno lile lile: "Hawa walitutangulia kwa treni." Zamani nilikuwa nacheka. Nikaja kufuatilia tarehe, daah, mzee ana hoja.

Sikia. Yanga ilianzishwa 1935, Simba 1936, zote Dar. Enzi hizo mpira haukuwa ajira. Mtu anapiga kibarua chake mchana, jioni anaingia uwanjani. Kwa hiyo timu zilikua palipo na bandari, reli na kazi. Ligi ya taifa ikaanza 1965, bingwa wa kwanza Sunderland, ndiyo Simba ya leo. Mwaka 1967 wakachukua Cosmopolitan, 1968 Yanga. Misimu kumi ya mwanzo kombe halikutoka Dar hata mara moja! Lilipotoka 1975 lilienda Morogoro, kwa Mseto. Na Morogoro iko kwenye Reli ya Kati. Umeanza kunipata?

Sasa rudi kwetu. Na sisi tulikuwa na reli bwana. Waingereza walipoleta mradi wa karanga Nachingwea mwishoni mwa miaka ya 1940, walijenga reli kutoka pwani mpaka huko. Karanga zikagoma, mradi ukafa 1951, treni ikakosa mzigo. 1962 reli ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Miaka mitatu baadaye ndiyo ligi inaanza. Wenzetu wanapanda treni kwenda mechi, sisi tunaangalia tuta.

Usidhani ni Bongo tu. Marekani wana mchezo wao wa besiboli. Mwaka 1869 timu ya Cincinnati Red Stockings ilikuwa ya kwanza kulipa wachezaji wote wazi wazi, na mwaka huo huo ikasafiri kwa reli mpya mpaka San Francisco. Ila ligi kubwa zilipotulia mwanzoni mwa miaka ya 1900, timu zilikuwa 16 kwenye miji 10 tu. Kwa nusu karne hakukuwa na timu hata moja magharibi ya St. Louis. California walipata timu zao 1958, wakati ndege zimeshazoeleka. Vipaji California vilikuwepo siku zote, timu ndiyo zilikuwa haziwezi kufika.

Huku kwetu kilichobadilisha mambo ni barabara. Wakubwa wanakumbuka kulala Rufiji kusubiri pantoni. Daraja la Mkapa likafunguliwa 2003, lami ikaja taratibu. 2019 Namungo ikapanda Ligi Kuu, Simba na Yanga wakaanza kuja Ruangwa kucheza. Msimu wa kwanza tu ikafika fainali ya Kombe la FA 2020, ikafungwa 2-1 na Simba kule Sumbawanga. Halafu ikaingia makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikapangwa na Raja Casablanca na Pyramids. Huko tulichapwa, sitaficha. Lakini tulikuwepo.

Sisemi reli ndiyo sababu pekee. Hela nayo ina maneno yake. Ila nimekulia nikisikia watu wa kusini hatujui mpira, na mbaya zaidi sisi wenyewe tuliamini. Kuna washkaji nimecheza nao hapa, miguu ya dhahabu, waliacha mapema kwa sababu waliambiwa mpira uko Dar.

Kuanzia 1965 mpaka 2019 ni miaka 54. Kwa miaka yote hiyo nani alikuja huku kutafuta vipaji, na alipita njia gani?

Mzee wangu, nakuomba radhi kwa kukucheka. Jumamosi chai juu yangu.