Baridi ya Juni na mafindofindo ya watoto
Kila Juni na Julai, baridi ya asubuhi ikishika hapa Mlabani, wasikilizaji hutuuliza mbona watoto wanaumwa koo. Baridi yenyewe haiambukizi. Vijidudu hupita kwa mate na chafya, na msimu huu tunalala wengi chumba kimoja, madirisha yamefungwa. Vumbi na moshi wa kuni navyo hukwaruza koo.

Mara nyingi ni virusi, huisha ndani ya wiki. Antibiotiki za dukani hazisaidii. Lakini mtoto wa miaka 5 hadi 15 mwenye homa, koo lenye usaha na tezi za shingo zilizovimba, bila mafua wala kikohozi, mpelekeni kituo cha afya. Huenda ni bakteria wanaoitwa streptokoki. Wasipotibiwa, baadaye vali za moyo zinaweza kuharibika. Akipewa dawa amalize dozi, hata koo likipona siku ya 3.