Chumvi ya Uvinza na Mlinganyo wa Ioni

Katika njia ya zamani ya misafara, itokayo Tabora kwenda Ujiji, ziko chemchemi za chumvi za Uvinza, karibu na mto Malagarasi. Uchimbuzi wa mabaki ya kale umeonyesha kwamba chumvi ilipikwa hapo zaidi ya miaka 1,000 kabla ya Burton na Speke kupita katika mwaka wa 1858. Wapishi walichemsha maji vyunguni hata yakakauka. Mkemia huiandika kazi yao hivi:

Na⁺(maji) + Cl⁻(maji) → NaCl(yabisi)

Lakini mtu akitia katika maji hayo nitrati ya fedha iliyoyeyushwa, hutokea mashapo meupe ya kloridi ya fedha. Sodiamu na nitrati zilikuwa zimeyeyuka kabla, na baadaye zingali zimeyeyuka. Basi hufutwa pande zote mbili, ikabaki:

Ag⁺(maji) + Cl⁻(maji) → AgCl(yabisi)

Ioni zinazofutwa huitwa watazamaji. Jina hili lina kasoro ya upatanisho, maana ioni si mtu. Kwa maoni yangu “ioni tazamaji” yafaa zaidi. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba sodiamu ile ile, chunguni, haikutazama hata kidogo. Kutazama si tabia yake, bali ni kazi yake katika mlinganyo mmoja, kama nomino iwavyo kiima katika sentensi hii na yambwa katika ile. Kamusi itakayoandika “sodiamu: ioni tazamaji” itakuwa imewanyang’anya wapishi wa Uvinza nusu ya chumvi yao.