Fountain Gate ya Dodoma: Kombe Lililopitia Darasani

Aprili 2023, jijini Durban, Afrika Kusini, wanafunzi wa kike wa shule ya Fountain Gate ya Dodoma waliifunga shule ya Omar Ibn Khatab ya Morocco mabao 3-0 na kuchukua ubingwa wa soka la shule Afrika. Zilikuwa fainali za kwanza za bara zima tangu Shirikisho la Soka Afrika (CAF) lianzishe mashindano hayo. Rais wa shirikisho hilo, Patrice Motsepe, alikuwa ameyatilia mtaji wa dola milioni 10 kupitia taasisi yake, na bingwa alipewa dola 300,000, yaani karibu shilingi milioni 700 kwa bei ya wakati ule. Majina ya mabinti wale siyaandiki hapa. Walikuwa watoto wa shule, na historia hii ni ya shule yao.

Ajabu ni kwamba kombe lile lilikuja Dodoma. Mji huu umekuwa makao makuu kwa uamuzi wa mwaka 1973, lakini makao makuu ya soka hayakuhama na serikali. Yalibaki Dar es Salaam, Kariakoo, baina ya Yanga na Simba. Timu za Dodoma zilizofahamika kwa miaka mingi zilikuwa timu za ofisi. Polisi Dodoma ilikuwa ya askari. Dodoma Jiji, iliyopanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2020/21, ni ya halmashauri, na hata jina lake limefuata hadhi ya jiji iliyotangazwa Aprili 2018. Silaumu. Lakini timu ya ofisi inadaiwa pointi tatu za Jumamosi hii. Haina nafasi ya kumngoja mtoto wa miaka kumi afikishe kumi na minane, kwa hiyo hutafuta mchezaji aliyekwisha kuiva kwingine.

Mwenye kuweza kungoja ni shule. Tanzania ililijua hilo zamani. UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari ndiyo milango waliyopitia wachezaji wengi wa taifa, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000, Joseph Mungai akiwa Waziri wa Elimu, michezo ya shule iliposimamishwa ili watoto wasome. Ilirudishwa baadaye, lakini pengo lilishaonekana: kizazi kizima cha walimu wa michezo kilikaa bila kazi. Leo mashindano hayo yanasimamiwa na TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), ambayo ofisi zake ziko hapa hapa Dodoma.

Fountain Gate basi haikugundua njia mpya. Makongo ya Dar es Salaam, chini ya Kanali Iddi Kipingu, ilikwisha kuonyesha kwamba daftari na jezi vinaweza kukaa kwenye begi moja. Alliance ya Mwanza ilitoka kwenye shule ikafika Ligi Kuu msimu wa 2018/19, ingawa haikudumu. Kilichoongezwa na shule ya Dodoma ni kuwapa wasichana uzito uleule, na kuwawekea ngazi ya kupandia. Chini ya jina hilohilo kukawa na Fountain Gate Princess, timu ya Ligi Kuu ya Wanawake. Ligi yenyewe ilikuwa changa, ilianza msimu wa 2016/17 na Mlandizi Queens wakawa mabingwa wa kwanza, na Dodoma ilikuwa pia na Baobab Queens. Binti wa kidato cha pili hakuhitaji kuhadithiwa kwamba kuna wanawake wanaocheza mpira kama kazi. Aliwaona.

Fika kiwanja chochote cha mtaani Dodoma mwezi Agosti, saa kumi alasiri. Mvua iliisha Aprili na haitarudi mpaka Desemba. Ardhi nyekundu imekauka ikawa ngumu, upepo unapeperusha vumbi hadi golini, na mpira ukigusa chini unaruka mpaka kifuani. Mwalimu amepanga koni nne, watoto wanane pembeni na wawili katikati, pasi inapigwa na wa katikati wanaifukuza. Mgeni ataona mchezo wa kukimbizana. Mwalimu anaangalia kitu kimoja tu: mguu wa kwanza. Katika ardhi ile, asiyejua kutuliza mpira kwa mguso wa kwanza hana wa pili. Ndiyo maana simuoni mtoto wa uwanda huu kuwa ameonewa na kiwanja chake, ilimradi awepo wa kumfundisha na iwepo mipira ya kutosha, saizi namba 4 kwa wadogo, si gumegume moja la watu wazima linalogombaniwa na watoto thelathini.

Lipo jambo jingine ambalo shule inalo na mtaa hauna, nalo ni daftari la mahudhurio. Soka letu la vijana limeumizwa na vijeba, yaani wachezaji waliozidi umri, kuliko ubovu wa viwanja. Mwaka 2005 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya wavulana, walikuwa wamefuzu fainali za Afrika za chini ya miaka 17 nchini Gambia wakaondolewa kwa kumtumia aliyezidi umri, nafasi ikaenda Zimbabwe. Miaka kumi na miwili baadaye kibao kiligeuka: Congo Brazzaville wakaondolewa kwa kosa kama hilo, nasi tukaenda Gabon 2017. Tulitoka sare na Mali, tukaifunga Angola 2-1, tukafungwa na Niger 1-0, tukarudi nyumbani. Yaani tumeonja pande zote mbili za udanganyifu huo.

Kwa wavulana, FIFA tangu 2009 hupiga picha ya MRI ya kifundo cha mkono kuangalia kama mifupa imeungana. Kwa wasichana kipimo hicho hakitumiki, kwa kuwa mifupa yao huungana mapema zaidi. Kinachobaki ni karatasi: cheti cha kuzaliwa, namba ya mtihani wa darasa la saba, daftari la darasa. Mashindano ya CAF yalipoamua kuita shule badala ya klabu, yalimfaidisha mwenye kumbukumbu safi.

Wakati nao ulikuwa mzuri. Miezi sita kabla ya Durban, Serengeti Girls, timu ya taifa ya wasichana, walikuwa India kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17, timu ya kwanza ya soka ya Tanzania kufika fainali za FIFA za namna hiyo. Chini ya Bakari Shime walifungwa 4-0 na Japan, wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Canada, wakafika robo fainali. Mzazi aliyesita kumruhusu binti yake kwenda mazoezini alikosa hoja.

Upande wa wanaume wa Fountain Gate una historia ya kubadili majina zaidi ya kujenga. Mwaka 2023 Singida Big Stars iligeuka Singida Fountain Gate na ikacheza Kombe la Shirikisho Afrika. Kisha ikawa Fountain Gate FC, na msimu wa 2024/25 nyumbani kwake kukawa Babati, kwenye Uwanja wa Tanzanite Kwaraa. Kwa maoni yangu, mtu akiulizwa taasisi hii imeifanyia nini Dodoma, ataje wasichana kwanza.

Oktoba 2016 Mfalme Mohammed VI wa Morocco alipozuru nchini aliahidi kutujengea uwanja wa kisasa Dodoma. Mabinti walipowafunga Wamorocco kule Durban, uwanja huo haukuwa umejengwa. Kombe lilitangulia.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa halmashauri na kwa wazazi wa Chang'ombe, Nkuhungu, Kizota na Nzuguni. Halmashauri ilinde viwanja vya shule za msingi visigawiwe kuwa viwanja vya nyumba, na impe mwalimu wa michezo muda na mafunzo. Mzazi akiletewa habari ya kituo cha kulea vipaji, aulize mwanawe atasoma wapi kabla ya kuuliza atacheza namba ngapi. Na cheti cha kuzaliwa kikatwe sasa, chenye mwaka wa kweli.